Futa Lenzi, Toka Nje

Ssenga, shangazi wa bibi harusi, alikuwa anapita katikati ya safu za wageni, ua mkononi, akitafuta uso wa bwana harusi aliyefichwa miongoni mwa rafiki zake. Ngoma zimenyamaza. Mahema mawili yanatazamana, kila shingo imerefuka. Katika kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba, dakika hii ndiyo inayongojewa tangu asubuhi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuirekodi. Nilikuwa nimesimama mahali pazuri, jua la jioni limemwangukia ssenga begani, vazi lake la gomesi linawaka kama chungwa. Simu ikatetemeka kiganjani, ikaandika kwamba nafasi imejaa, ikazima kamera.

Nafasi ilijaa kwa sababu tangu saa nne asubuhi nilikuwa narekodi kila kilichopita mbele yangu: mahema, vikapu vya zawadi, masufuria ya matoke, na dakika kumi na moja nzima za ng'ombe aliyekuwa anatafuna majani yake bila haraka. Familia iliponiuliza, nilisema simu ni mbovu. Simu ilikuwa nzima kabisa.

Nakuanikia aibu hii mapema kwa sababu wewe kila tukikutana unaniambia utaanza kutengeneza video ukipata kamera ya maana. "Nikipata" imekuwa homa ya mji huu. Nikipata kamera. Nikipata taa. Nikipata ile simu yenye lenzi tatu mgongoni. Wazee waliyamaliza haya shambani zamani: mchagua jembe si mkulima. Jembe lako liko mfukoni, pengine hata hujamaliza kulilipia, na kazi unayolituma ni kutazama mavuno ya wenzako.

Panda boda twende Wakaliga.

Ni mtaa wa kawaida wa pembezoni mwa Kampala, udongo mwekundu, mabati, mifereji inayofurika mvua ikinyesha. Hapo ndipo mwaka 2005 Isaac Nabwana, mtu aliyekuwa anafyatua matofali, alipoanzisha Ramon Film Productions. Jina Ramon aliliunganisha kutoka majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Kompyuta yake aliiunda kwa vipande vya kompyuta kuukuu. Alipohitaji kitambaa cha kijani cha kuweka nyuma ya waigizaji ili abadilishe mandhari, alinunua kitambaa sokoni akakitundika ukutani. Bunduki na mitambo ilitengenezwa kwa vyuma chakavu na Dauda Bissaso, ambaye baadaye aliunda hata helikopta ya ukubwa kamili pale uani. Waigizaji walikuwa majirani, na filamu ikiisha walizunguka wenyewe nyumba kwa nyumba wakiuza DVD, wengine wakiwa bado wamevaa nguo za uigizaji.

Mwaka 2010 wakatoa Who Killed Captain Alex?, filamu ambayo inasemekana haikufikisha gharama ya dola 200. Kionjo chake kikapanda YouTube na kuzunguka dunia. Miaka ikapita, filamu yao Crazy World ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2019, na mwaka 2022 watu wa Wakaliga wakawa miongoni mwa wasanii walioalikwa kwenye maonyesho makubwa ya documenta, mjini Kassel, Ujerumani. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hivi viliundwa kwa nyundo kweli.

Hadithi hii imesimuliwa mara nyingi na wageni, na wengi huishia kucheka: tazama Waafrika na helikopta ya vyuma chakavu! Mimi naona kitu kingine. Sikuambii kwamba ufukara ni sanaa. Nabwana mwenyewe angepewa kamera nzuri angeipokea kwa mikono miwili. Ninachokuambia ni kwamba Wakaliga walimaliza. Walianza filamu wakaifikisha mwisho, wakaionyesha kwa watu kwenye kibanda cha video, wakasikia wapi watu wanapiga kelele na wapi wanaenda kununua karanga, kisha wakaanza nyingine. Na nilipojifunza kwamba Nabwana alilazimika kufuta faili la Captain Alex kwenye kompyuta yake ili apate nafasi ya filamu iliyofuata, nikaikumbuka kwanjula yangu nikacheka kwa uchungu. Tofauti yetu ni kwamba nafasi yake ilijaa kazi. Yangu ilijaa ng'ombe.

Basi nikakaa chini kuuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza kabla ya kuwaza kununua chochote. Nani alikuwa anaamua mambo siku ile, mimi au simu? Tumeiita simu janja, na ujanja wake mkubwa ni kukuamulia. Inachagua mwanga, inachagua kitu cha kukazia macho, inachagua rangi ya ngozi ya mjomba wako, na kila mtu akipita mbele inabadili mawazo. Video mbaya nyingi ninazoziona hapa mjini zimepigwa kwa simu nzuri tu, ila zimeamuliwa na simu. Kazi yako wewe ni kuinyang'anya maamuzi hayo, moja baada ya jingine.

Anza na mwanga, kwa sababu hapa tumebarikiwa na wakati huohuo tumetegewa. Kampala iko karibu kabisa na ikweta. Jua huchomoza karibu saa moja kasoro asubuhi na kuzama karibu saa moja kasoro jioni, mwaka mzima, likicheza robo saa tu huku na huku. Mwenzako wa Ulaya hulazimika kupanga upya kila mwezi. Wewe unaweza kupanga leo kazi ya Desemba. Lakini ikifika karibu saa saba kasoro mchana jua liko utosini, na mwezi Machi na Septemba linakuwa wima kabisa. Saa hizo mpige mtu video uone: nyusi zake zinamwaga kivuli, macho yanageuka mashimo mawili, pua inaotesha masharubu ambayo mwenyewe hana. Watu wakiona picha hiyo wanalaumu kamera.

Mhamishe mtu. Hatua tatu tu. Mwingize barazani, au chini ya mfenesi, au kwenye mlango wa duka, kisha mwelekeze uso kule nje kwenye uwazi. Sasa anga lote limekuwa taa yako, na ni taa laini. Udongo wetu mwekundu unamrudishia usoni joto fulani ambalo mafundi wa studio hulitafuta kwa karatasi za rangi. Siku za mawingu za msimu wa mvua, usilalamike: wingu ni shuka kubwa lililotandazwa mbele ya jua, hata mchana unaweza kufanya kazi. Na kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, acha kila kitu. Jua limeinama upande, vumbi la barabara linaonekana kama dhahabu iliyopepetwa, hata mfereji unapendeza. Ila usizembee, maana kwetu jua likishazama giza halibishi hodi. Una dakika ishirini na kitu, basi.

Halafu kuna suala la ngozi, na hapa nina hasira kidogo. Simu hupima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au anga angavu, simu inaogopa ule weupe, inapunguza mwanga, na mtu wako anageuka kivuli chenye meno. Usikubali. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka ikuonyeshe kwamba imefunga mwanga na fokasi. Sasa sogeza ile alama ya jua juu au chini mpaka uso uonekane kama unavyouona kwa macho yako. Kanzu ikizidi kung'aa kidogo, kanzu isamehewe. Hakuna aliyekuja kutazama kanzu.

Usiku na ndani ya majengo kuna adui mwingine. Umewahi kupiga video saluni Wandegeya, ukaona mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye picha kama mawimbi? Umeme wa Uganda ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi humetameta mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, simu inaona. Simu nyingi zimepangwa kurekodi fremu 30 kwa sekunde, hesabu iliyozoeleka Marekani, ambako umeme una mizunguko 60. Badilisha iwe fremu 25, na kasi ya shata iwe 1/50 au 1/100, na mistari inatulia. Kwenye iPhone, washa PAL katika mipangilio ya kamera upate fremu 25. Kwenye simu nyingine ingia sehemu ya wataalamu, au pakua Blackmagic Camera, programu ya bure inayokupa vitufe vyote hivi. Nilihangaika miaka miwili nikidhani taa za watu ni mbovu. Jibu lilikuwa hesabu ya darasa la nne.

Mkono unaotetemeka hauhitaji mashine. Shika simu kwa mikono miwili, bana viwiko mbavuni, toa pumzi, piga. Kama unataka itulie kabisa, nunua kilo moja ya maharage Nakasero, yafunge kwenye mfuko wa kitambaa, uweke juu ya meza, ukuta au kiti cha boda, ukandamize simu juu yake. Itakaa kama mtoto mgongoni, na jioni unapika. Ukitaka kumwona mtu kwa karibu, usivute picha kwa vidole viwili, maana hapo simu nyingi zinakata tu kipande na kukipanua mpaka kinachujuka. Miguu yako ndiyo zumu. Na ukiwapiga watoto, mtaka cha mvunguni sharti ainame: shuka hadi usawa wa macho yao, piga goti kwenye udongo, chafua suruali. Video za watoto zilizopigwa kutoka juu huonekana kama ripoti ya polisi.

Kwa hilo la watoto tuna walimu wetu hapahapa. Mwaka 2014 video ya watoto wa Kampala wakiucheza wimbo wa Eddy Kenzo, Sitya Loss, ilienea duniani kote. Hawakuwa na jukwaa wala taa wala moshi wa rangi. Watoto hao ndio waliokuja kujulikana kama Ghetto Kids, na mwaka 2023, kwenye Britain's Got Talent, jaji Bruno Tonioli alishindwa kuvumilia, akabonyeza kitufe cha dhahabu hata kabla hawajamaliza kucheza. Rudi uitazame ile video ya mwanzo kwa jicho la fundi. Utaona mwili mzima wa mchezaji, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Aliyeshika kamera alijua kwamba dansi inakaa kwenye miguu, akaamua miguu isikatwe. Mamilioni ya watu wakatazama.

Sauti sasa. Nitasema wazi, hata kama utanuna: watu husamehe picha mbovu, hawasamehi sauti mbovu. Na Kampala haijui kunyamaza. Kituo cha zamani cha teksi kina makondakta wanaoita, mhubiri mwenye spika, muuza dawa ya panya mwenye spika kubwa zaidi, na boda mia moja zinazonguruma. Ukisimama mita tatu kutoka kwa mama unayemhoji, maiki ya simu itakuletea mhubiri. Fanya hivi: azima simu ya pili, hata ile yenye kioo kilichopasuka, washa kinasa sauti, itie kwenye mfuko wa kifuani wa shati lake, shubiri moja au mbili kutoka mdomoni. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza. Ukihariri, linganisha kofi la picha na kofi la sauti, na zote mbili zinakwenda pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya ule ubao wenye mistari myeusi na myeupe unaouona kwenye filamu za wakubwa. Wewe una viganja. Ndani ya chumba, mapazia na godoro lililoegemezwa ukutani hula mwangwi vizuri kuliko chochote utakachouziwa.

Mengine ni ya nidhamu tu, nayapitia mbio. Weka simu katika hali ya ndege, la sivyo shangazi atapiga simu katikati ya kazi. Amua kabla ya kuanza kama video ni ya kusimama au ya kulala. Ukigeuza katikati umeua zote mbili. Omba ruhusa kwa mtu kabla ya kumwelekezea kamera, hasa sokoni, ambako watu wana madeni na siri zao. Hesabu nafasi: Apple wanakadiria kwamba dakika moja ya 1080p kwa fremu 30 ni kama megabaiti 60 kwa mfumo wao mpya wa kubana, na ya 4K ni kama 170. Piga kwa 1080p na usione haya, kwa sababu mtazamaji wako anatazama kwenye kioo cha kiganjani na bando lake linahesabu. Na ukimaliza, usimtumie mteja video kwa WhatsApp kama video ya kawaida, itakandamizwa mpaka ikose uso. Itume kama faili la hati.

Gharama ya bando naijua, usinikumbushe. Nchi hii iliwahi kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, kuanzia Julai 2018, kisha mwaka 2021 tozo hiyo ikaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Facebook nayo ilifungwa Januari 2021. Kuzilaumu sheria hizi ni haki yako, na huenda una sababu nzuri. Lakini hakuna ushuru kwenye kurekodi. Hakuna bando linaloliwa na mwanga wa jioni. Piga leo, hariri usiku kwenye simu hiyohiyo, na utakapopata intaneti ya bure au ya rafiki, kazi itakuwa inangoja imeiva.

Unataka majina makubwa? Sean Baker alipiga filamu yake Tangerine, iliyotoka mwaka 2015, kwa simu za iPhone 5s katika mitaa ya Los Angeles. Miaka kumi baadaye, Machi 2025, mtu huyohuyo alibeba tuzo nne za Oscar usiku mmoja kwa filamu ya Anora. Danny Boyle naye alipiga sehemu kubwa ya 28 Years Later kwa iPhone 15 Pro Max, ingawa usidanganyike, mbele ya simu hizo zilifungwa lenzi za bei ya kutisha. Mimi huwapenda zaidi vijana wa Kaduna, Nigeria, wanaojiita The Critics Company. Mwaka 2019 walijulikana kwa filamu fupi za kubuni za kisayansi walizozipiga kwa simu iliyopasuka kioo, na walikuwa wamedunduliza mwezi mzima ili wanunue kitambaa cha kijani. Kitambaa tena! Kutoka Kaduna hadi Wakaliga, naona safari nyingi zinaanzia kwa muuza vitambaa.

Na wewe unayo silaha ambayo wao hawana. Unasema Kiswahili mjini Kampala. Najua historia: kwa miaka mingi hapa ilikuwa lugha ya askari, na bibi yangu alikuwa akiisikia mlangoni anazima taa. Lakini tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 ndiyo lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha ifundishwe shuleni kwa lazima. Video yako ya dakika mbili juu ya fundi wa Katwe anayegeuza pipa kuwa jiko itaeleweka Mwanza, Mombasa, Bukavu na Muscat bila tafsiri. Wapo watu huko wanaotaka kuujua mji huu kwa macho ya mtu aliyekanyaga matope yake.

Kwa hiyo usiniletee tena orodha ya vifaa. Niletee video moja ya kama dakika moja, mtu mmoja akifanya kazi moja. Mpika rolex wa kona yako anatosha: mikono inavunja mayai, chapati inageuzwa, mvuke, uso wake akipokea hela, mteja akiondoka anatafuna. Vipande kumi, kila kimoja sekunde nane, kila kimoja umekiamua wewe kabla ya kubonyeza. Vitatu vitakuwa vibaya. Vitupe, viunge saba, mwonyeshe mpika rolex mwenyewe, na umtazame usoni anapojiona. Kesho rudi kwa fundi viatu.

Mimi niliitwa tena na familia ile mwaka uliofuata, kwa kwanjula ya binti mdogo. Walinipokea kwa mzaha, wakaniuliza kama ng'ombe nitampiga tena. Nilikuwa nimefuta simu nzima usiku wa kuamkia sherehe, chaji asilimia mia, maharage kilo moja kwapani. Asubuhi nzima sikurekodi zaidi ya dakika sita. Ssenga aliposimama na kuchukua ua lake, nilikuwa nimeshapiga goti mbele ya mahema, mwanga nimeufunga kwenye uso wake, kidole kiko kwenye kitufe.

Tazama saa yako. Kama ni kabla ya saa kumi na mbili jioni, jua bado lipo. Chukua pindo la shati, futa ile alama ya kidole kwenye lenzi, toka nje.